UZI MAALUMU: Kuandaa hema na malazi kwa baridi ya usiku na upepo wa jangwani (jangwa la Wahiba na mlima Jebel Shams, Oman; na wa Chalbi, Kenya, karibuni)

Mchanga_wa_Bidiya (mwanzisha uzi)

Wakuu, assalaam alaykum. Msimu wa kulala mchangani umeingia na swali ni lile lile: ninunue hema gani? Naomba tuanzie kwingine. Hema la riali 25 lililofungwa vizuri linapita upepo mkali wa shamali salama wakati la riali 200 jirani yake limeng'oka. Yanayoharibu usiku wa Wahiba ni mawili: vigingi visivyoshika mchanga, na kulala juu ya kitu kisichozuia baridi ya ardhini. Yote mawili yanatengenezwa nyumbani, kwa pesa kidogo, kabla gari halijawashwa.

Kwanza tujue tunaandalia nini. Wahiba, Januari, usiku mara nyingi ni kati ya digrii 10 na 15. Ukiisoma tu haitishi. Lakini mbingu haina wingu, na joto la mchana linapotea haraka baada ya magharibi. Kipindi kibaya kuliko vyote ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka jua lichomoze. Shamali ikishuka kutoka kaskazini-magharibi huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Digrii 10 zikichanganyika na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inasikia kama digrii 6. Jebel Shams, pale uwandani watu wanapopiga kambi, ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa baridi huko unakaribia sifuri na mara nyingine unapita chini yake. Kwenye sifuri, upepo huo huo unasikika kama digrii 7 chini ya sifuri.

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 27 kwa saa unasukuma kama kilo 3.5 kwa kila mita mraba; ukifika 54 ni kama kilo 14. Ubavu wa hema la familia wenye mita mraba 3 unakuwa umebeba kilo 40 na ushee, tena kwa mapigo, si kwa msukumo mmoja uliotulia. Ndiyo maana hema lililosimama imara saa mbili usiku linalala chini saa nane.

Nanga za mchanga, hivi ndivyo zinavyotengenezwa:

Chukua mifuko 8 ya kitambaa kigumu, ile ya mchele wa kilo 5 inafaa kabisa. Kila mmoja uwe na kamba yake ya milimita 4, urefu wa mita 1.5, imefungwa shingoni na mwisho wake una kitanzi. Mkifika, jaza mchanga lita 6 hivi. Lita moja ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1.6, kwa hiyo mfuko unakaribia kilo 10. Chimba shimo la sentimita 40. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kabla ya kufukia, chora mfereji mwembamba kutoka chini ya shimo kuelekea hema, ili kamba ipande moja kwa moja kwa mshazari. Ukiiacha ipande wima halafu ikunjike juu ya ukingo wa shimo, upepo ukivuta kamba itaukata mchanga kama waya unavyokata sabuni, italegea, na hema litaanza kupiga makofi. Mfuko ukishalala, fukia kwa tabaka, kila tabaka likanyagwe kwa kisigino. Maji ya kuoshea vyombo yamwage hapo juu, mchanga wenye unyevu unashikana.

Mifuko ikiwa tupu na kukunjwa, yote 8 inaingia kwenye mfuko mmoja. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda kwa bei yake.

---

Kambi_Sur

Mkuu, asante kwa darasa. Vigingi vya plastiki vipana vya mchanga, vile vya rangi ya chungwa, havitoshi? Na kile cha chuma cha sentimita 40?

---

Mchanga_wa_Bidiya

Kigingi kipana cha plastiki kinatosha pembe za sakafu ya hema, maana pale mvuto ni mdogo. Kwenye kamba za upepo hapana. Cha chuma chembamba, hata kiwe na sentimita 40, kwenye mchanga mlaini kinatoka kama kilivyoingia. Kinachoshika ni upana, siyo urefu peke yake. Ukiwa navyo tayari, usivitupe: kizike kimelala, kamba imefungwa katikati yake, kina cha sentimita 30 au zaidi, na kikae mkingamo na mwelekeo wa mvuto. Kijiti cha mti mkavu chenye unene wa kidole gumba kinafanya kazi hiyo hiyo.

---

FundiHema_Ruwi

Nanga ni nusu ya kazi. Niongeze upande wa hema lenyewe, kwa sababu mahema mengi yanayoletwa kushonwa yamechanika mahali pamoja, palipo na kitanzi cha kamba ya upepo.

Geuza turubai la nje la hema, angalia upande wa ndani, nyuma kabisa ya kile kitanzi. Utakuta kijiutepe kidogo cha kunata au kamba fupi. Watu wengi hawajui kazi yake. Ni cha kufunga turubai kwenye ufito, pale pale kamba ya upepo inapovuta. Kikifungwa, mvuto unakwenda kwenye ufito. Kisipofungwa, kitambaa ndicho kinachobeba kila kitu, ufito unapinda upande wake, na mshono unaachia. Hema la kuba la fito mbili huwa navyo 4 au 8. Funga vyote, hata jioni ikiwa imetulia, maana saa nane usiku hutatoka kwenda kuvifunga.

Kamba zilizokuja na hema huwa fupi na nyembamba. Weka za milimita 3, urefu wa mita 2.5 hadi 3, zenye uzi unaong'aa kwa tochi. Urefu una sababu: kamba ndefu inalala chini zaidi, inavuta kwa pembeni badala ya kuing'oa nanga kwenda juu. Kwa fundo la kurekebisha: pitisha kamba kwenye kitanzi cha nanga, irudishe, zungusha mara mbili kuizunguka ile iliyonyooka kwa upande wa ndani ya duara, kisha mara moja kwa upande wa nje, kaza. Fundo hilo unalisukuma kwa mkono likasogea, lakini likivutwa linauma.

Fito sasa. Za faiba zinapasuka kwa urefu, na sababu kubwa ni moja: kipande hakikuingia mpaka mwisho kwenye kishikizo cha chuma, nguvu yote ikaja kwenye mdomo. Kila unapounga, sukuma mpaka usikie imegota. Mchanga ukiingia kwenye kishikizo, futa kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta, mafuta yanakusanya mchanga na kipande kinakwama humo. Ukipitisha ufito kwenye mkono wa hema, usukume, usiuvute, ukivuta vipande vinaachana katikati. Beba vipande viwili vya bomba la alumini vya sentimita 12 hadi 15, vipana kidogo kuliko ufito. Ukivunjika, kivishe palipovunjika na uzungushie gundi ya utepe pande zote mbili. Dakika tano, kambi inaendelea.

---

Mama_Nizwa

Fundi, allah akuzidishie. Hema letu nusu ya juu ya chumba cha ndani ni wavu mtupu. Usiku wa upepo asubuhi tunaamka mchanga umejaa mpaka masikioni. Kuna dawa?

---

FundiHema_Ruwi

Dawa ipo dada. Mchanga huanza kutembea upepo ukifika kama kilomita 20 hadi 25 kwa saa, na sehemu kubwa yake haipandi juu ya nusu mita. Kwa hiyo unaingilia chini, kwenye nafasi kati ya turubai la nje na ardhi, halafu ukishakuwa humo upepo unaupandisha kwenye wavu na unadondoka juu yenu.

Ziba chini. Nunua kitambaa cha nailoni au polista upana wa sentimita 30, kishonwe kuzunguka ukingo wa turubai la nje upande unaotoka upepo na pembeni zote mbili. Kikilala chini unakifunika kwa mchanga. Upande wa nyuma uache wazi, hema lazima lipumue, la sivyo mtaamka na maji. Kama hamtaki kushona, kunja shuka zito liweke chini ya ukingo wa mbele na ulipakie mchanga. Na kwa ndani, pachika kitambaa chepesi kwenye wavu wa upande wa upepo kwa pini za watoto, acha sehemu ya juu kabisa.

Hema jipya mkinunua, chagueni lenye kitambaa kamili kwenye kuta za ndani na wavu kidogo tu kileleni. Lile la wavu mwingi ni la joto la Mei.

---

Mchanga_wa_Bidiya

Nigusie mahali pa kusimamisha, kwa kifupi. Kileleni mwa tuta, hapana kabisa. Chini ya mteremko mkali wa tuta upande wa kusini-mashariki nako hapana: upepo unajipinda, mchanga unamwagika juu yenu, na hewa baridi inateremka na kutuama hapo. Tafuteni ardhi ngumu kati ya matuta, iliyopanda kidogo kuliko bonde lenyewe, na msikae kwenye njia za magari, usiku madereva hawawaoni. Nje ya mchanga, mkondo wa wadi (bonde linalopitisha maji ya mvua) ni marufuku hata kama mawingu yako mbali.

Mlango uangalie upande usio na upepo, na upande mfupi wa hema ndio uukabili upepo. Gari liegeshwe ubavu kwa upepo, mita 2 au 3 mbele ya hema. Chini ya gari pazibwe kwa mifuko au turubai, upepo ukipita pale chini unakuwa mkali zaidi. Ukifunga kamba kwenye gurudumu, tundika kitambaa kwenye usukani. Kuna mtu atataka kwenda kuchota kuni asubuhi.

Na kuni zenyewe tubebe kutoka mjini. Mti wa ghaf ulio hai ndio kivuli na malisho ya watu wa pale, usikatwe hata tawi.

---

Tabibu_Salalah

Nazungumzia kulala, maana hapa ndipo pesa inapotea bure.

Begi la kulalia lina lebo yenye namba tatu, zikipimwa kwa kanuni ya ISO 23537. Ya kwanza ni ya kulala kwa raha, ya pili ni ya mtu aliyejikunyata, ya tatu ni ya kunusurika tu asife. Wauzaji wanaandika ile ya tatu kwa herufi kubwa. Nunueni kwa kufuata ya kwanza, tena muiweke digrii 5 chini ya baridi mnayoitegemea. Wahiba: begi la raha ya digrii 5. Jebel Shams: la 5 chini ya sifuri, au la Wahiba pamoja na blanketi zito la sufu juu yake.

Manyoya ya bata yana joto na ni mepesi, ila yakilowa yanashikana na joto linakwisha. Wahiba iko karibu na bahari na umande wake ni mwingi, alfajiri hema huwa limelowa kama limenyeshewa. Kwa anayelala nje au kwenye hema la ukuta mmoja (lisilo na turubai la nje), nyuzi za kutengenezwa ni salama zaidi.

Sasa chini. Uzito wa mwili unaliminya begi, na nyuzi zilizominywa hazizuii baridi. Kinachokukinga na ardhi ni tandiko. Uwezo wake unaandikwa kwa namba ya R, na matandiko mawili yakipangwa namba zinajumlishwa. Sponji ngumu ya kukunja ni kama 2. Godoro la kawaida la kujaza upepo, lile nene la kupendeza, mara nyingi halifiki hata 1, kwa sababu hewa iliyo ndani inazunguka na kupeleka joto lako chini. Watu wanalala juu yake na blanketi tatu wanatetemeka, wanadhani blanketi ni chache. Blanketi mbili ziende chini.

Wahiba lengeni R ya 2 hadi 3, Jebel Shams 4 na zaidi. Asiye na pesa: makatoni yaliyofunguliwa tabaka mbili, juu yake sponji, juu yake blanketi. Mkeka wa plastiki unazuia unyevu tu. Sponji iwe chini ya godoro la upepo, itazuia na miiba ya mgunga.

Nguo za kulalia ziwe kavu, zisizovaliwa mchana. Fulana ya pamba iliyonyonya jasho la kusukuma gari mchangani ni ya kuvuliwa kabla jua halijazama. Polista au sufu mwilini, sweta, kofia inayofunika masikio. Kabla ya kulala kula kitu chenye mafuta, na kojoa. Chupa ya maji ya moto ya lita 1, kifuniko kimekazwa na imevishwa soksi, iwekwe kati ya mapaja, siyo miguuni.

---

Mama_Nizwa

Na watoto? Na kuna wanaoingiza jiko la mkaa ndani dakika kumi tu hema lipate joto, halafu wanalitoa.

---

Tabibu_Salalah

Jiko la mkaa lisiingie hemani hata dakika moja dada yangu, na la gesi pia lisiingie. Mkaa uliofifia, ule unaoonekana umetulia, ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina harufu wala rangi. Anayeivuta anaumwa kichwa, anasikia usingizi, na usingizi huo ndio unaomuua. Hema likizibwa kwa ajili ya mchanga linakuwa hatari zaidi. Dalili hizo zikitokea, watu wote watoke nje kwenye hewa na mwenye dalili apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Watoto wadogo wasifunikwe uso. Walale katikati, sponji mbili chini yao, kofia kichwani, na wavishwe tabaka moja zaidi ya lako.

---

Msafiri_Marsabit

Hamjambo nyote. Nimesoma nikiwa Marsabit, wacha niongeze ya Chalbi na Loiyangalani kwa sababu kuna wanaosoma kutoka Kenya.

Loiyangalani baridi si shida, shida ni upepo. Unashuka kutoka upande wa Mlima Kulal na unavuma usiku kucha, kisha asubuhi jua likipanda unapungua. Si bure wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo huko. Hema likisimamishwa saa kumi jioni kukiwa shwari, mtu asidanganyike, afunge kana kwamba upepo umeshafika.

Ardhi ni mawe ya volkano. Kigingi hakiingii, na mfuko wa mchanga hauna pa kuzikwa. Njia yake: funga kamba katikati ya kijiti au jiwe refu dogo, liweke chini, halafu mbele yake, upande wa hema, weka jiwe la kilo 15 hadi 20 juu ya kamba. Kijiti kinagota nyuma ya jiwe kubwa na hakipiti. Ukifunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe, kingo zake zinaikata kufikia asubuhi. Tembeeni na vipande vya tyubu ya baiskeli. Kipande cha sentimita 20 kimoja kinavishwa kamba inapogusa jiwe. Kingine, kikifungwa katikati ya kamba, kinanyumbuka upepo ukipiga, mshono unapumzika.

Kabla ya kushika jiwe lolote, ligeuze kwa mti kwanza. Nge wanalala hapo.

Chalbi yenyewe, kuelekea Kalacha na North Horr, ni uwanda wa chumvi na udongo mgumu. Pale chuma chembamba cha sentimita 30 kikipigwa kwa nyundo kinashika sana kuliko plastiki. Lakini mvua ikinyesha, hata kidogo, ule uwanda unageuka tope na gari halitoki. Mawingu mkiyaona hameni usiku huo huo.

---

Kambi_Sur

Mzee wa Marsabit, shukrani. Swali la gesi: jiko la mkebe mrefu linafifia alfajiri Jebel Shams, mkebe bado mzito. Mkebe mbovu?

---

Msafiri_Marsabit

Mkebe ni mzima. Mingi ya ile mirefu ni butani tupu, na butani inaacha kugeuka mvuke karibu na nusu digrii chini ya sifuri. Hata kwenye digrii 5 moto ni dhaifu, na jiko likiwaka gesi inajipoza yenyewe. Nunua mkebe wenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Isobutani inaendelea mpaka karibu digrii 12 chini ya sifuri, propani mpaka 42. Ukiwa na ule ule wa butani, lala nao karibu yako, au usimamishe kwenye sahani ya maji vuguvugu, kamwe si ya moto. Pazia la upepo usilizungushe likafunika na mkebe, joto likirudi mkebe unalipuka. Weka kizuizi upande mmoja tu, nusu mita kutoka jiko.

---

FundiHema_Ruwi

La mwisho kutoka kwangu ni zipu, maana ndiyo inayoletwa zaidi kila Machi. Meno ya zipu mara nyingi hayana tatizo. Kilichokwisha ni kichwa chake. Mchanga unasaga tumbo la kichwa kutoka ndani, kinapanuka, hakibani meno tena, zipu inafunguka nyuma yake. Mkiwa kambini, kibane kichwa hicho kwa koleo pande zote mbili za nyuma, kidogo kidogo, ujaribu kila mara, ukizidisha kinavunjika. Itawafikisha nyumbani. Kisha badilisha kichwa tu: nyuma yake pamegongwa namba, 5, 8 au 10, nunua yenye namba hiyo na aina hiyo hiyo ya meno.

Kuilinda, kila asubuhi pitisha mswaki mkavu juu ya meno kabla ya kuivuta. Mshumaa mkavu upakwe kidogo. Mafuta ya cherehani au ya kupikia, hapana. Na mkirudi mjini hema litundikwe siku nzima kivulini, lipinduliwe, likung'utwe pembeni mwa sakafu ambako mchanga hukusanyika. Jua kali la juu ya paa linakula nailoni.

---

Mchanga_wa_Bidiya

Kwa wanaouliza faragha namna ya kusimamisha hema upepo ukiwa tayari umeshika: usinyanyue kitu kabla nanga mbili za upande wa upepo hazijazikwa na kufungwa. Tandaza hema likiwa bapa, mtu mmoja apige magoti juu yake, ingiza fito, nyanyueni kwa pamoja kufuata upepo, kisha fungeni nyuma, halafu kamba za pembeni. Wakati wa kubomoa, fito zinatoka kwanza na nanga za mbele zinafunguliwa mwisho. Upepo ukizidi nguvu ya hema, toeni fito, lilazeni hema bapa, lipakieni mabegi na mkalale garini mpaka asubuhi.

Utabiri wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Oman tazameni Jumatano jioni na tena Alhamisi kabla ya kutoka. Ikitajwa shamali, sogezeni wiki au chagueni bonde lenye ukuta wa mlima upande wa kaskazini-magharibi, mbali na mkondo wa maji.

Anayetaka vipimo vya kushonesha kile kitambaa cha kuzibia chini, aandike hapa urefu na upana wa hema lake, Fundi atampigia hesabu.